Sifa za Anayeihesabu Ardhi

Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, kwa hiyo joto la ardhini likitajwa Arusha, mawazo hukimbilia moto wa mlima. Mtaalamu ninayemsifu hapa hana haja na moto huo. Yeye hushughulika na joto la udongo wa kawaida, ambalo sehemu kubwa ni jua lililozama taratibu. Kina cha mita 10 hivi, baridi ya Julai na joto la Januari karibu havifiki. Pampu ya joto huzungusha maji katika mabomba yaliyofukiwa, ikachota joto hilo kwa maji ya kuoga, au ikashusha ardhini joto la vyumba inapovipoza.

Kazi yake ni kukokotoa: ardhi hii itatoa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Hesabu zilianza na mwanahisabati Mfaransa Fourier, kwenye kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto. Lakini kabla ya hesabu, ardhi yenyewe huulizwa. Bomba lenye umbo la U hushushwa kwenye kisima chembamba, maji yakazungushwa humo yakipashwa kwa nguvu isiyobadilika siku mbili tatu, na nyuzi zake zikaandikwa. Zikichorwa kwa logi ya muda, saa za mwanzo zikishapita, huja mstari ulionyooka. Kwa wati 50 kila mita ya kisima, kati ya saa ya 5 na ya 50 maji hupanda nyuzi 9 hivi katika udongo unaopitisha joto kwa shida. Upitishaji ukiwa maradufu, hupanda nusu yake. Mwinamo wa mstari ndio jibu la ardhi.

Miteremko ya Meru haina jibu moja. Majivu makavu yenye hewa ndani huzuia joto, lava iliyoshikana hulipitisha, na maji yanayoteremka chini kwa chini hulichukua yakaenda nalo. Hivyo mkokotoaji mwaminifu haazimi tarakimu za miamba ya Sweden.

Ulaya, kiangazi hurudisha kilichochotwa na baridi. Arusha haina majira hayo: hoteli inayopoza vyumba tu itaupasha udongo wake mwaka hadi mwaka, inayopasha maji tu itaupoza. Hesabu ndiyo huonyesha mapema kwamba kazi hizo mbili zinafaa kuunganishwa.

Naiheshimu kazi hii kwa sababu kosa lake hujitokeza baada ya miaka, mtaalamu akiwa ameshalipwa na kuondoka. Anayeifanya vizuri huhesabu kana kwamba atakuwepo.