Wavamizi Waliokwisha Kufika

Hadithi za watoto kuhusu viumbe wa sayari nyingine huwa zinaanza na chombo kikitua: mwanga angani, mbwa wanabweka, askari wanakimbilia shambani. John Christopher, ambaye jina lake halisi lilikuwa Samuel Youd, aliiruka sehemu hiyo yote. The White Mountains, kitabu alichokitoa mwaka 1967, kinaanza vizazi kadhaa baada ya uvamizi. Binadamu wameshashindwa, na wameshasahau kwamba walishindwa.

Utotoni nilikipenda kwa ajili ya mabomu. Kukirudia ukubwani kumenionyesha kitu kingine, yaani subira ya mwandishi.

Tazama anavyoitumia saa ya mkononi. Will Parker ni kijana wa kijiji cha Wherton, Uingereza, mahali pa vinu, farasi na mikokoteni. Baba yake anamiliki saa moja ndogo iliyosalia kutoka zama za kale, na Will huichukua kwa siri na kuistaajabia, maandishi yake asiyaelewe. Hatuambiwi chochote kuhusu viwanda, wala kuhusu vita iliyoviangamiza. Msomaji anajua saa ni nini, Will hajui, na katika pengo hilo tunaelewa dunia imerudi nyuma kiasi gani. Baadaye, Will na mwenzake wakiwa safarini Ufaransa, mabehewa yanapita juu ya reli yakivutwa na farasi. Kijana mwenyeji anayeungana nao, mrefu na mwembamba, ameshaanza kuwaza kwamba mvuke wa birika ungeweza kufanya kazi hiyo. Mwandishi anaendelea na safari bila kutukonyeza.

Wanaotawala ni Tripod, mashine ndefu za chuma zenye miguu mitatu. (H. G. Wells alishatembeza za namna hiyo mwaka 1898, na Christopher hajisumbui kuficha ukoo huo.) Kitabu kizima kinapita bila sisi kujua kama ndani yake kuna mtu, mnyama au hewa tupu. Wenyewe hawaonekani hadi kitabu cha pili cha mfululizo.

Kijana akifika miaka 14 huchukuliwa na Tripod na kurudishwa na Kofia, wavu wa chuma uliobanwa kwenye fuvu. Siku hiyo ni sherehe, watu wanakula na kushangilia kama jando. Mwandishi dhaifu angewafanya waliovishwa Kofia wawe mazuzu wenye macho ya kioo. Hapa wanabaki wema. Jack, rafiki wa Will aliyekuwa na maswali mengi, anarudi mchangamfu na mchapakazi, maswali yameisha tu; ndiyo maana Will anatoroka kijijini asivishwe.

Ufundi huo unafika kilele katika ngome ya Ufaransa. Will anaugua, anapokelewa kama mwana, anampenda Eloise, binti wa mwenye ngome. Siku moja katika utani anamvua kilemba, na kwenye nywele fupi anaona chuma. Si kwamba anatoroka hapo hapo. Anaanza kufikiri kwamba labda Kofia si mbaya kihivyo, mradi abaki. Shujaa wa kitabu cha watoto anakaribia kuuza akili yake kwa chakula kizuri na msichana mpole, nasi tunamwelewa! Kinachomwondoa si ushujaa: Eloise anachaguliwa kwenda kuwatumikia Tripod, na anafurahi kwenda.

Anapotoroka, Tripod inamnasa kwa mkono wake wa chuma, kisha anazinduka akiwa nyasini, huru. Will anaona ni bahati. Kurasa zinapita, Tripod inawafuata kila wanakogeukia, hadi wenzake wanakuta kifungo cha chuma kimepandikizwa kwapani mwake, na inabidi wakikate kwa kisu. Yote tuliyohitaji ili kukisia tulikuwa tumeshapewa.

Mwaka 1988, baada ya BBC kuonyesha mfululizo wa televisheni wa The Tripods, Christopher aliandika When the Tripods Came, akisimulia ule uvamizi wenyewe: watu wanatekwa akili kupitia kipindi cha televisheni. Wazo ni zuri, na linachoma hata leo. Lakini ni kitabu cha majibu, na nguvu ya kile cha kwanza ilikuwa katika yaliyoachwa wazi. Ukimpa mtoto vitabu hivi, mwanzishie na cha 1967. Hicho cha 1988 kisubiri mwisho.