Utangulizi unaochagua maswali

Katika usaili wa kuingia mafunzo ya ubingwa nchini Marekani, yale yaitwayo residensi, swali la kwanza karibu kila mara ni lilelile: hebu tueleze habari zako. Kwa daktari aliyekulia kwenye Kiingereza, hilo ni swali la kuvunja ukimya tu. Kwa aliyesomea Dar es Salaam, Eldoret au Kampala, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, ndilo swali lenye thamani kuliko yote, maana ndilo pekee analoweza kuwa na hakika kwamba litakuja. Wengi huipoteza nafasi hiyo kwa kusimulia maisha yao. Kazi ya utangulizi ni nyingine: ni kuyachagua maswali yatakayofuata na, kwa kuyachagua, kujiamulia ni Kiingereza cha aina gani utakachokihitaji kwa muda uliobaki.

Tuanze na hali ya mezani. Msaili anapokuona kwenye kioo cha kompyuta, faili lako la ERAS, mfumo wa mtandaoni ambao programu nyingi hupokelea maombi, analo: chuo ulichosoma, mwaka uliohitimu, mahali ulipofanya kazi, barua za wanaokupendekeza, na maelezo binafsi uliyoyaandika mwenyewe. Matokeo ya hatua ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, hayatofautishi tena watu kwa alama. Tangu Januari 2022 hutolewa kwa kufaulu au kutofaulu tu. Mtihani wa vitendo, ambamo mtahiniwa alizungumza ana kwa ana na mtu anayeigiza mgonjwa, ulisimamishwa mwaka 2020 na kufutwa mwaka uliofuata. Kwa waliosoma nje ya Marekani, umahiri wa lugha sasa hupimwa kwa mtihani wa OET, na programu za residensi huona tu kwamba umeufaulu. Kwa hiyo usaili ndipo mahali ambapo watu watakaofanya kazi nawe usiku wa manane wanakusikia ukizungumza kwa mara ya kwanza.

Kuna suala la kumbukumbu pia. Usaili huanza mwezi wa 10 na kuendelea hadi mwezi wa 1, lakini orodha ambayo programu huwapanga waombaji kwa namba hukamilishwa wiki kadhaa baadaye, na matokeo ya NRMP, mfumo unaowaoanisha waombaji na programu, hutangazwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa 3. Siku ya kupanga orodha hiyo, msaili ana majina mengi mbele yake na maandishi machache pembeni ya kila jina. Utangulizi usioacha kitu cha kuandika pembeni ya jina umekwisha kabla ya orodha kufunguliwa.

Sasa tuchukue daktari wa mfano, mwombaji wa magonjwa ya ndani. Toleo lake la kwanza la utangulizi, likiwekwa kwa Kiswahili, ni hili: “Nilizaliwa Tabora, mtoto wa nne katika familia ya watoto sita. Nilisoma shule ya msingi na sekondari hukohuko, nikachaguliwa kujiunga na chuo kikuu, nikahitimu shahada ya udaktari, nikafanya mafunzo ya mwaka mmoja kazini, kisha nikaajiriwa. Tangu utotoni nilipenda kuwasaidia watu. Mimi ni mchapakazi, najituma, na napenda kufanya kazi kwa ushirikiano. Samahani kwa Kiingereza changu.”

Kwa adabu ya kwetu, hakuna kosa hapo. Mtu hujitambulisha kwa alikotoka na kwa watu wake, ndipo aje kwenye shughuli. Lakini jiulize: msaili atauliza nini baada ya hapo? Habari za shule ziko kwenye faili. Kupenda kuwasaidia watu husemwa na kila mwombaji. Uchapakazi ni sifa isiyo na ushahidi. Kilichobaki ni kuuliza jambo lolote linalomjia, pengine mapengo katika miaka, na hapo daktari wetu atajikuta anatafuta maneno kwenye mada ambayo hakuichagua. Ile samahani ya mwisho ndiyo ghali zaidi, kwani humwagiza msikilizaji aanze kuhesabu makosa. Takriban robo ya madaktari wanaofanya kazi Marekani walisomea nje ya nchi hiyo, kwa hiyo lafudhi ya kigeni haimshangazi msaili. Kinachomchosha ni kutojua mazungumzo yanaelekea wapi.

Toleo la pili ni hili: “Mimi ni daktari kutoka Tanzania. Kwa miaka miwili nimehudumia wodi ya watu wazima katika hospitali ya wilaya karibu na Ziwa Victoria. Usiku, mara nyingi nilikuwa daktari peke yangu, kwa hiyo nilijifunza kuamua mapema nani abaki na nani apelekwe hospitali ya rufaa. Kilichonisumbua zaidi ni wagonjwa wa kiharusi ambao hawakuwahi kujua kwamba wana shinikizo la damu. Kliniki yetu ya presha ilikuwa ndogo. Mimi na muuguzi mmoja tulianzisha daftari la kuwafuatilia wasiorudi, na kazi yangu ilikuwa kulipitia kila Ijumaa na kuwapigia simu. Hapo ndipo nilipoamua kusomea magonjwa ya ndani. Natafuta programu ambayo nitakuwa na wagonjwa wangu mwenyewe kliniki kwa miaka yote mitatu, na hilo ndilo lililonivutia kwenu.”

Kwa Kiingereza kisicho na haraka, hayo huchukua kama dakika moja. Tuyafungue.

Sentensi za mwanzo zinaanzia leo. Zimeacha kuzaliwa na shule zikataja kazi. Pia hazikutegemea majina ya kwetu pekee. Mmarekani hajui hospitali ya wilaya ina nini na haina nini, wala hajui daktari wa mafunzo kazini ana mamlaka gani. Badala ya kueleza mfumo mzima, daktari wetu ametaja tendo: usiku nilikuwa peke yangu, nikaamua nani apelekwe. Sentensi hiyo moja inabeba ngazi ya hospitali, uhaba wa watu na uzito wa wajibu, na hakuna hata neno moja gumu ndani yake.

Kiungo cha katikati ni daftari. Hiyo ndiyo ndoano, na imewekwa makusudi. Msaili karibu hawezi kujizuia kuuliza: lilifanyaje kazi? Mliwapataje wasio na simu? Mlijifunza nini? Mwombaji anayajua majibu hayo kwa undani, na msamiati wake ni mdogo na anaoufahamu: dawa, tarehe, simu, nauli, kipimo cha presha. Dakika tano za usaili zimehamia kwenye uwanja wake. Angetaja kwamba anapenda falsafa au muziki wa jazi kwa sababu tu inasikika vizuri, angealika maswali ambayo hana maneno yake.

Angalia pia “sisi” na “mimi”. Malezi yetu yanatufundisha kusema tulifanya hata pale mtu alipofanya peke yake, na kujitaja hovyo huonekana majivuno. Msaili anahitaji kujua sehemu yako hasa. Suluhisho la daktari wetu ni la heshima na la kweli kwa pamoja: tulianzisha, kisha kazi yangu ilikuwa hii. Muuguzi amepata haki yake na msaili amepata jibu.

Sentensi ya mwisho inaigusa programu yenyewe. Residensi ya magonjwa ya ndani ni ya miaka mitatu, na kliniki ambamo daktari huwafuata wagonjwa walewale ni sehemu ya kawaida ya mafunzo hayo, lakini namna inavyoendeshwa hutofautiana. Mwombaji aliyetoka kusimulia daftari la wasiorudi akiitaja kliniki hiyo, msaili haoni sifa za kubembeleza. Anaona hoja imefika mwisho wake. Pale penye uhusiano wa kweli, utajwe: Chuo Kikuu cha Indiana na Moi kule Eldoret, Duke na KCMC Moshi, Weill Cornell na Bugando Mwanza wana ushirikiano wa miaka mingi, na mtu aliyefanya kazi ndani yake ana jambo la kusema.

Kuhusu matamshi, usihangaike na lafudhi, hangaikia mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu huipeleka kanuni hiyo kwenye Kiingereza bila kuomba ruhusa. Maneno kama “medicine” na “hospital” yana mkazo mwanzoni. Ukiusogeza katikati, Mmarekani husita nusu sekunde akilitambua neno, na sentensi inayofuata inampita. Orodhesha maneno kumi au kumi na tano yanayobeba utangulizi wako, uyasikilize kutoka kwa wazungumzaji wa Marekani, uyarudie hadi ulimi uzoee. Lile lisilokubali, libadilishe. Hakuna anayekulazimisha kulitumia.

Msamiati nao una mtego wake. Kiingereza cha wodi zetu ni cha Uingereza. Parasetamoli kwao ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini. Sukari ya damu sisi huisoma kwa milimoli, wao kwa miligramu kwa desilita, hivyo 5.5 yetu ni kama 100 yao. Hayo hayaingii kwenye utangulizi, ila yatatokea katika maswali uliyoyaalika, na ndiyo sababu nyingine ya kuyaalika machache unayoyamudu.

Je, ukariri? Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Ya kwanza hukuvusha hofu, ya mwisho hukuzuia kuendelea kuzungumza kwa kutojua pa kuishia. Katikati shika mpangilio: kazi, tatizo, nilichofanya, kilichonileta. Aliyekariri yote husikika, kwa sababu sauti yake hutambaa bila kupanda wala kushuka, na akikatizwa kwa swali hupotea. Tena kwa siku moja utakutana na wasaili wawili, watatu au wanne, kila mmoja na chumba chake cha video, na kila mmoja atauliza lilelile. Mpangilio hurudiwa bila kuchakaa. Maneno yaliyokaririwa huchakaa mara ya pili.

Usisahau saa. Kuanzia mwezi wa 11, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni ya Afrika Mashariki, na saa nane mchana yao ni saa nne usiku. Kwa programu za Los Angeles, siku yao inaanza wakati wewe unakula chakula cha jioni. Fanya mazoezi saa hizohizo, baada ya siku ya kazi, kwani Kiingereza cha mtu aliyechoka si kile cha asubuhi.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Andika utangulizi wako, upigie mstari kila jina la kitu ulichokitaja, kisha mwambie mwenzako akuulize kuhusu kila kimoja. Kile ambacho huwezi kukizungumzia kwa dakika mbili bila kutafuta neno, kifute. Vikibaki vinne au vitano, usaili wako una mada zake, na wewe ndiye uliyezichagua.