Mto Thames na Msomaji wa Nyasubi

Mwaka 1899 gazeti la Blackwood la Edinburgh lilichapa kwa sehemu tatu hadithi ya Joseph Conrad iitwayo Heart of Darkness. Wasomaji wengi huikumbuka kwa habari za Kongo, wakasahau kwamba haianzii huko. Huanzia karibu na mlango wa mto Thames, ndani ya chombo kiitwacho Nellie, jua likichwa, na watu wakingoja maji yaanze kupwa ndipo watweke. Humo ndimo Marlow anamosimulia safari yake.

Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 huko Massachusetts, alimlaumu mtungaji kwa kuuweka Thames upande wa utulivu na mto wa Afrika upande wa ushenzi. Lawama hiyo ni ya haki. Yafaa kuongeza jambo ambalo kwa macho laonekana dogo: Thames umetajwa kwa jina, na Kongo haukutajwa hata mara moja. Mto wa kwanza una mabaharia wake, kina Drake na Franklin. Una hata Warumi walioupanda zamani wakiwa wageni wenye hofu. Huo una historia. Wa pili una safari tu, tena ya mtu mwingine. Hata hivyo Achebe aliuona Thames kama mto uliokwisha kulishinda giza lake, na hapo yamkini alimhukumu Conrad kwa haraka, kwa kuwa mwisho wa hadithi huurudia mto ule ule wa nyumbani, nao sasa waelekea gizani.

Nyasubi, katika mji wa Kahama, ni mahali pafaapo kuisomea hadithi hiyo, maana gazeti lile lile lilikuwa limekwisha kuzisimulia nchi hizi. Mwaka 1859, miaka 40 kabla ya Conrad, lilichapa habari za John Hanning Speke, aliyeondoka Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1858, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akapita nchi za Wanyamwezi na Wasukuma hata akafika ukingoni mwa Nyanza tarehe 3 Agosti. Ziwa lilikuwa na jina. Akalipa la malkia wake, akadai kwamba hicho ndicho chanzo cha Nili. Katika neno hilo la pili alisema kweli, na Burton aliyembishia alikosea. Lakini kitabu chake cha mwaka 1863 huchosha kwa namna moja: vijiji ni vituo, na mtemi aghalabu huingia ukurasani ili adai hongo, kisha hutoka. Conrad angalau aliutilia shaka mto wa kwao. Speke hakutilia shaka lolote ila hesabu za Burton.

Ndivyo Nili ulivyopata chanzo kisicho na wenyewe. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba, pasipo ridhaa ya Misri, isifanywe kazi ya kumwagilia wala ya kuzalisha umeme katika mto huo na maziwa yake, ndani ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, itakayodhuru maji yaendayo Misri. Si haki kuwatwika waandishi wa safari mzigo wa wanadiplomasia. Ila mkataba ule wasomeka kana kwamba uliandikwa na watu waliokuwa wamemsoma Speke wakaridhika. Tanganyika huru iliukataa mwaka 1962.

Mwaka 2009 maji ya ziwa yalizinduliwa rasmi kwa mji wa Shinyanga na Kahama, yakisukumwa kwa bomba kutoka Ihelele, katika wilaya ya Misungwi. Katika vitabu vya Speke maji hayo yana njia moja tu, nayo ni ya kaskazini. Huko Nyasubi hufika yakipanda kwenda kusini, na mtu huyakinga kwa ndoo.