Kushuka Mazinde kwa Kamera

Ukisimama Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, jabali linakatika ghafla miguuni pako na Mazinde inaonekana chini kabisa, karibu mita 1,000: mabati yanametameta, mkonge umepangwa mistari kama kili za mkeka, na barabara kuu ya Same ni uzi tu. Mgeni hutoa simu, akapanua vidole viwili kiooni, akakivuta kijiji. Nyumba zinakua, ila zinabaki bapa, zimebandikana kama picha ukutani. Mwingine anapanda gari hadi Mombo, kona baada ya kona, kisha anageukia upande wa Same mpaka Mazinde yenyewe. Kilichokuwa nukta kinakuwa mti, kinampita dirishani, kinabaki nyuma. Wote wawili watasema wamekiona kijiji. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, aliijua tofauti hiyo: karne ya 19 aliwaacha wenzake katika mji mkuu wa Vuga milimani, yeye akaweka makao Mazinde, misafara ilikopita.

Nimezungukia mlimani kwa sababu ya kazi yangu, uhuishaji wa molekuli kwa wanafunzi wa biolojia. Vijana wanaoianza kazi hii wakiambiwa wavute karibu, huikaza pembe ya lenzi, kamera yenyewe ikabaki ilipo. Molekuli inajaa kiooni lakini kina kinapotea; atomi ya mbele na ya nyuma zinalala kitanda kimoja. Kamera ikisogezwa, atomi za mbele zinakimbilia pembeni, za nyuma zinajongea polepole, na jicho linajua kwamba limo ndani ya kitu. Hata katika PyMOL, programu ambayo wengi wetu tulijifunzia, amri ya kukuza haigusi lenzi, inaisogeza kamera.

Kusogea nako kuna adha yake. Mbele ya kamera kuna ukuta usioonekana, na chochote kinachouvuka kuja upande wako kinakatwa kama papai. Nimewahi kupoteza usiku mzima nikitafuta nusu ya protini iliyomezwa hivyo.

Filamu ninayoirudia tena na tena ni ya selimundu, ugonjwa ambao maelfu ya watoto huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Inaanza na seli nyekundu moja ya damu, upana wake mikromita 7 au 8. Ndani yake mna molekuli za hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, zipatazo milioni 270. Ukiikuza hemoglobini moja ikawa punje ya hindi, seli itakuwa na upana wa mita 12 hivi: ghala lililoshindiliwa mahindi mpaka darini.

Safari ya kutoka seli hadi molekuli haiendi kwa mwendo wa basi. Ukipita umbali uleule kila sekunde, kwa muda mrefu hakibadiliki kitu, halafu mwishoni molekuli inakurukia usoni. Charles na Ray Eames walionyesha dawa yake mwaka 1977 katika Powers of Ten: kila sekunde 10, kamera inafika mbali mara 10 zaidi. Jicho hupima kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Nami naifuata kanuni hiyo, ila kwenye utando wa seli hutua kwa pumzi mbili, mtazamaji apate kugeuka aone alikotoka.

Kuna uongo katika kazi hii, naukiri. Hemoglobini ina upana wa nanomita 6 hivi. Wimbi fupi kabisa la mwanga tunaouona ni karibu nanomita 400. Kwa hiyo hakuna kamera ya mwanga iliyowahi kufika huko. Umbo tunalolipitia lilisomwa kwa eksirei, kazi iliyomla Max Perutz zaidi ya miaka 20 na kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 1962. Rangi tunazipaka sisi. Maji, ambayo kwa kweli huisukumasukuma kila molekuli bila kutulia, tunayaondoa. Hayo yote sioni haya nayo. Kinachonikera ni kamera inayoruka: seli, giza kidogo, halafu atomi. Mwanafunzi anaona picha mbili asijue kwamba ya pili imo tumboni mwa ya kwanza.

Mwisho wa filamu kamera inapenya kati ya hemoglobini mbili zilizokwisha kuachia oksijeni. Kwenye mnyororo wa beta, mmojawapo wa miwili iliyomo katika kila hemoglobini, nafasi ya 6, palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pana asidi amino nyingine, valini, nayo imeingia katika kishimo cha hemoglobini jirani. Jirani anamshika mwingine, nyuzi zinarefuka, seli inapinda kama mundu. Hapo huirudisha kamera nyuma kwa njia ileile, bila kukata, mpaka seli iliyopinda ionekane nzima.

Hemoglobini moja ina asidi amino 574. Zilizobadilika ni mbili.