Maktaba Katika Darasa la Mtandao: Tatizo la Matini na Mfano wa Al-Inkishafi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayefundishwa Al-Inkishafi kwa njia ya mtandao aghalabu hukutana na utungo huo ukiwa faili. Faili hilo limewekwa na mhadhiri katika ukurasa wa kozi, chini ya juma la tatu au la nne, pamoja na muhtasari wa mhadhara na maswali ya zoezi. Beti zimo, lakini ukurasa wa jina la kitabu haumo. Mhariri hatajwi, wala mwaka wa kuchapishwa. Mwanafunzi husoma, hujibu zoezi, hupewa alama, na mambo yakaishia hapo. Katika safari hiyo yote hakupita maktabani hata mara moja, wala mfumo haukumwonyesha kwamba ipo haja ya kupita.

Hali hii yafaa ihakikiwe, si kwa sababu inawaudhi wakutubi, bali kwa sababu inagusa msingi wenyewe wa taaluma, yaani matini. Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kwa lahaja ya Kiamu, na ambao unautumia uharibifu wa Pate kuonya juu ya ulimwengu, haukumfikia msomaji wa leo kwa njia moja. W. E. Taylor aliushughulikia, na kazi yake ikatokea katika kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, mwaka 1915. William Hichens akautoa London mwaka 1939. James de Vere Allen akautoa tena Nairobi mwaka 1977. Matoleo haya hayalingani kila mahali katika tahajia, katika usomaji wa maneno na katika maelezo. Kwa hiyo mwanafunzi anayejenga hoja nzima juu ya neno moja la ubeti, pasi na kujua neno hilo limesomwa hivyo na nani, hana msingi wa hoja yake. Mhadhiri anayemsahihisha naye hawezi kumwambia amekosea wapi, maadamu matini waliyo nayo haina jina.

Ili kuelewa chanzo cha kasoro hii, ni lazima kutazama jinsi mifumo ya kuendeshea kozi ilivyozaliwa. WebCT ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, katikati ya miaka ya 1990. Blackboard ulianzishwa Marekani mwaka 1997. Moodle, ambao hutolewa bure na huweza kurekebishwa na yeyote, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, na ndio unaojulikana sana katika vyuo vikuu vya Kenya. Mifumo yote hii ilijengwa juu ya nguzo nne: mwalimu, mwanafunzi, somo na alama. Maktaba haikuwa nguzo ya tano. Ilipotaka kuingia, iliingia kama mgeni aliyekuta viti vimekwisha kugawanywa.

John Shank na Nancy Dewald, wakutubi wa Marekani walioandika juu ya jambo hili mwaka 2003, walitofautisha ngazi mbili za kuingia huko. Ngazi ya kwanza ni ya jumla: kila kozi huwekewa kiungo kimoja cha kuendea maktaba. Ya pili ni ya kozi moja moja: mkutubi na mhadhiri hushirikiana kuchagua na kupanga yale yanayohitajiwa na somo hilo hasa. Tofauti hii ingali na manufaa, kwani inadhihirisha kwamba kinachoitwa kuunganisha maktaba na kozi mara nyingi ni ngazi ya kwanza tu, ambayo kwa hakika si kuunganisha bali ni kuelekeza njia.

Kiungo cha jumla kina udhaifu unaoonekana upesi. Mwanafunzi anakibonyeza, anatoka nje ya kozi, anaulizwa neno la siri kwa mara ya pili, kisha anajikuta mbele ya orodha ndefu ya hazina za majarida. Hakuna kinachomwambia ni ipi kati ya hizo inayohusu juma la tatu. S. R. Ranganathan, mkutubi mashuhuri wa Uhindi, aliorodhesha mwaka 1931 sheria tano za maktaba, na mojawapo ilihusu kuokoa muda wa msomaji. Kwa kipimo hicho, kiungo cha jumla kinamwongezea msomaji kazi badala ya kumpunguzia.

Udhaifu ulio mkubwa zaidi unahusu lugha. Tangu mwaka 2003 maktaba za Kenya zimekuwa na umoja wao, KLISC, unaoziwezesha kununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya kielektroniki. Jitihada hiyo inastahili sifa, kwani maktaba moja moja isingemudu gharama. Hata hivyo, hazina zinazonunuliwa kwa sehemu kubwa zimetungwa ng’ambo na kwa Kiingereza. Ikiwa maktaba itaingia katika kozi kwa mlango huo peke yake, mwanafunzi wa Kiswahili atapata kwa urahisi makala ya Kiingereza kuhusu Al-Inkishafi, na kwa taabu Al-Inkishafi wenyewe. Mfumo utakuwa umemfundisha, bila ya mtu yeyote kukusudia, kwamba fasihi hii ni kitu cha kuelezwa na wengine.

Haiwezekani kuisingizia teknolojia. Mwaka 2010 shirika la IMS lilitoa kanuni ziitwazo LTI, ambazo huwezesha programu ya nje kufunguliwa ndani ya kozi pasi na mwanafunzi kuulizwa neno la siri upya. Koha, mfumo wa maktaba ulioanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambao baadhi ya maktaba za vyuo vya Kenya zinautumia, una sehemu maalumu ya kuorodhesha vitabu vya kila kozi. Kwa hiyo ukurasa wa juma la tatu waweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba toleo la 1977 limo maktabani, liko katika rafu ya 896.392 ambapo utaratibu wa Dewey huweka fasihi ya Kiswahili, na kama nakala imeazimwa au ipo. Kitabu si lazima kiwe cha kielektroniki ndipo kiingie katika kozi. Kinachoingia ni habari zake.

Habari hizo si jambo dogo. Mwanafunzi anayetafuta kwa jina la Inkishafi huenda asipate kilichoorodheshwa chini ya Al-Inkishafi au Kitab al-Inkishafi. Anayeandika utenzi huenda akakosa vitabu vyote vilivyoandikwa utendi. Anayekutana na jina la Allen huenda akadhani James de Vere Allen, mhariri wa Al-Inkishafi, ndiye J. W. T. Allen aliyetoa Tendi mwaka 1971, ilhali ni watu wawili. Mkutubi ndiye anayeyatenganisha mambo haya na kuyakutanisha yanayopasa kukutana. Huyo J. W. T. Allen mwenyewe alitoa mwaka 1970 orodha ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Na maktaba ya SOAS, London, inahifadhi mikusanyo ya Taylor na ya Hichens. Faili lisilo na jina linamkata mwanafunzi na kazi yote hiyo. Hata hajui kwamba nyuma ya beti anazosoma kuna miswada.

Wako watakaoipinga hoja hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya gharama. Mwanafunzi aliyeko Lamu au Garissa, anayenunua intaneti kidogo kidogo kwa simu, hupendelea faili moja analoweza kulipakua mara moja kuliko viungo vitano vinavyomla fedha kila anapovifungua. Hoja hii ni ya kweli. Lakini inatetea faili, haitetei faili lisilo na jina. Ukurasa wa jina la kitabu pamoja na maelezo mafupi ya mkutubi hauongezi uzito wa kumtisha mtu. Isitoshe, si haki kusahau kwamba kupakia sura nzima za kitabu ni kunakili, na kunakili kuna mipaka katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambapo kuelekeza kwenye rafu hakuna tatizo hilo.

Ya pili ni kwamba wakutubi ni wachache na kozi ni nyingi. Nayo ni kweli. Jibu lake ni kuchagua. Kozi zinazotegemea matini za kale zitangulizwe, maana ndizo zinazoharibika zaidi kwa kukosa habari za matoleo. Orodha iliyotengenezwa mara moja kwa kozi ya ushairi huweza kutumika miaka mingi kwa marekebisho machache.

Ya tatu haitolewi mara nyingi, ingawa yapasa kutolewa. Mfumo wa kozi huandika nani amefungua nini na saa ngapi, na mhadhiri anaweza kuona. Maktaba, kwa desturi yake, huficha siri ya msomaji. Mambo haya mawili yakiunganishwa bila ya masharti, mwanafunzi anayesoma kitabu kinachompinga mwalimu wake atakuwa anasoma mbele ya macho ya mwalimu huyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Idara inayounganisha maktaba na kozi haina budi kuamua mapema kwamba habari za usomaji hazitahesabiwa katika alama.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamishiwa mtandaoni kwa haraka, na mafaili yalipakiwa jinsi yalivyopatikana. Haraka hiyo ilikuwa na udhuru wake. Udhuru huo umekwisha, na desturi iliyoanzishwa nao haina sababu ya kuendelea. Idara ya Kiswahili haihitaji kungoja mfumo mpya wala fedha za wafadhili ili kuanza. Inahitaji kuamua kwamba hakuna kozi ya ushairi itakayofunguliwa kabla kila matini haijatajiwa mhariri wake, mahali na mwaka wa toleo, na mahali inapopatikana maktabani. Na kwamba jina la mkutubi wa idara litaandikwa katika ukurasa wa kozi pamoja na la mhadhiri. Baada ya hapo mwanafunzi wa juma la tatu ataweza kuuliza swali ambalo faili tupu halikumruhusu kuliuliza: je, Hichens alilisoma neno hili kama alivyolisoma Allen?