Jina la Upepo na Ushahidi wa Waliosalimika

Mwaka 1281 tufani ilizizamisha merikebu za Wamongoli karibu na Japani, nayo ikaitwa kamikaze, yaani upepo wa miungu. Jina hilo wakapewa marubani waliotumwa tangu Oktoba 1944 kuzigonga manowari za Marekani kwa ndege zao. Filamu ya Risa Morimoto, Wings of Defeat (2007), yastahili sifa kwa kulivua jina hilo pambo lake. Morimoto, ambaye jamaa yake mmoja alifunzwa kazi hiyo, awaacha wazee waliosalimika waseme wenyewe. Barua nyingi za waliokufa zilipita mbele ya macho ya wakubwa wa jeshi, kwa hiyo husifu utii. Waliorudi hawakuwa na mkaguzi, nao wakiri kwamba walitaka kuishi. Hapo neno “kujiua” laonekana pungufu: ajiuaye hutaka kufa, bali hawa waliamriwa. Wala filamu haiwasahau waliopigwa: mabaharia wa Drexler, manowari iliyozama tarehe 28 Mei 1945 pamoja na watu 158, nao wapewa nafasi. Ushahidi wa aliye hai huibomoa ngano, lakini haumpunguzii marehemu heshima yake.