Mnasa Kware

Kunasa kware ni kazi ya mikono inayofanywa kwa masikio, na kati ya kazi za kale zilizosalia katika nyanda hizi za Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, sijaona inayonivutia kuishinda.

Waluhya humwita ndege huyu isindu, Wajaluo wakamwita aluru. Ni kware mdogo wa nyasini. Dume lake lina koo jeupe lenye michoro myeusi, kifua cheusi na ubavu wa rangi ya kutu. Hakai mahali pamoja mwaka mzima. Huifuata mvua, na masika yakishika, nyasi za Uasin Gishu zikachipuka, huja akisafiri usiku na kushuka kabla hakujapambazuka. Anayeshuka gizani huongozwa na anachosikia. Wazee walilijua hilo zamani, wakaujenga ufundi wao wote juu yake.

Mnasaji hufuga madume ya kuita. Kila mmoja ana kikapu chake kidogo cha fito, na usiku ungali mzito vikapu hutundikwa kwenye mlingoti mrefu, kimoja juu ya kingine, ili sauti ivuke mashamba. Chini, nyasini, ndiko vitanzi vilipo.

Mzee ninayemfuata asubuhi za Aprili alihamia huku kutoka Kakamega akiwa kijana. Akichagua mwitaji, hamtazami manyoya. Hukifunika kikapu kwa kitambaa, akangoja, akakifunua, kisha akafumba macho. Anataka ndege anayetoa milio yake kwa mfululizo, wit-wit-wit, bila kukatika pumzi. Anayesitasita humrudisha nyumbani akale mtama. Kitanzi chake ni cha nyuzi za katani alizozisokota pajani. Huzitenga nyasi kwa vidole viwili mpaka aone njia ya ndege, nyembamba, yenye vinyesi vikavu, akakitega vidole vitatu juu ya ardhi, palipo kifua cha kware. Hakiegemezi kwenye bua lenye umande, kwa sababu umande hukilegeza, na kitanzi kilicholegea hushika mguu na kuuvunja. Hilo halikubali kabisa. Ndege aliyeumia, husema, ni aibu ya fundi.

Asubuhi moja ilitujia njema. Waitaji walianza pamoja, na kabla mawingu ya mashariki hayajawa mekundu nyasi zilikuwa zikijibu kutoka pande tatu. Tulinasa wanne. Majike wawili aliwaachia pale pale, akiwafungulia kiganja polepole mpaka wakaruka wenyewe.

Huko Marekani, wawindaji wa bata mzinga mwitu nao huamka gizani mwezi huo huo, wakaiga mlio wa jike kwa mdomo au kwa kijisanduku cha mbao ili dume lije. Nawaheshimu. Ila kwangu mnasa kware ana kazi ngumu zaidi, maana yeye sauti haiigi, anailea: anailisha, anaikinga na baridi, anaijua ikiugua.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nami sina ugomvi na hilo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 humtaka anayenasa au kufuga kware awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mzee anacho, amekihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake. Wengi walitafuta vibali hivyo wakati wa ile homa ya biashara ya mayai ya kware ya 2013 na 2014. Bei ilipoporomoka waliwatelekeza ndege. Walikuwa wameijua bei. Ndege mwenyewe hawakumjua.

Linalomtisha kware hapa kwetu zaidi ya kitanzi ni jembe la trekta. Hutaga chini, kwenye nyasi, na sisi siku hizi tunalima mahindi na ngano mpaka ugani, hatubakizi hata upana wa hatua moja. Pasipo nyasi hakuna pa kushukia, hata mwitaji aite mpaka sauti ikauke. Kwa hiyo, wewe mwenye shamba Ziwa, Moiben au Soy, msimu huu acha ukanda wa nyasi kando ya ua wako, na usiufyeke mpaka Agosti iishe.